Mtu Aliyengojea Karo Zipoe

Papa Fundi alikula maharagwe yakiwa bado yanachemka. Nilimpikia miaka sita na sikumwona hata siku moja akisubiri chakula kipoe. Namwekea sahani, yeye anapeleka kijiko mdomoni papo hapo, machozi yanamtoka, anapuliza hewa huku na huku, kisha anachota tena. "Papa, utachoma koo," namwambia. "Mama, kula iko kazi ya kumaliza," ananijibu. Nadhani ulimi wake ulikufa zamani, maana aliisifu sombe yangu ya majani ya muhogo hata siku niliyosahau chumvi.

Naanza na hilo ili nisionekane namsifu bure. Watu wa Mubi, kwetu Walikale, wakimkumbuka husema alikuwa mtu wa subira. Hawamjui. Kanisani alitoka kabla ya baraka, kila Jumapili, mpaka katekista akazoea kumuaga kwa jicho. Pikipiki alishuka kabla haijasimama, na mara moja alianguka mbele ya duka la chumvi, watu wanaona, akainuka akaendelea kutembea akichechemea kana kwamba ndivyo alivyopanga. Redio aliifunga kabla habari hazijaisha, halafu anakuja kuniuliza mimi ziliishaje. Subira yake ilikuwa moja tu, ya karo kupoa. Hiyo sasa ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Karo ndivyo tunavyoviita vigae vyeupe vya ukutani. Wenye uwezo huvibandika bafuni. Papa Fundi alivitia sura za marehemu. Ulimpelekea picha, hata ile ndogo ya kadi ya mpiga kura, hata ile iliyo ndani ya simu, naye kesho yake alikupa karo yenye uso wa mtu wako, ya kubandika kwenye msalaba wa kaburi. Mvua ya Walikale hula mbao, hula bati, hula hata majina yaliyoandikwa kwa rangi, lakini sura zake haikuzila. Zamani ilibidi kuziagiza Goma. Yeye alikuja na mashine yake ya kuchapa kutoka Karuba, kule kwenye vilima vya Masisi, ameifunga ndani ya godoro juu ya lori la viazi, akapanga chumba kinachopakana na banda langu la chakula. Kati ya mlango wake na jiko langu kulikuwa na hatua nne. Ndiyo sababu najua ninayoyajua.

Kazi ilikwenda hivi. Aliisugua karo kwa pombe kali mpaka ikalia chini ya kidole. Akaipaka dawa nyeupe, nyembamba, kwa brashi pana. Akaiingiza ndani ya pipa alilolilaza na kulijengea kwa matofali, makaa yanawaka chini, mpaka dawa ishike. Hapo mtu wa kawaida angedhani kilichobaki ni kuiweka mashineni, mashine inyunyize wino, sura itoke. Hapana. Karo ikitoka motoni haiguswi. Aliisimamisha kwa ubavu kati ya matofali mawili, kwa sababu ikilazwa, moto wa chini hubaki wakati wa juu umeshakwenda. Akaziba mlango kwa kitenge ili upepo usiingie. Hakupepea. Akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akiitazama. Mtu yuleyule ambaye hakuweza kungoja amina!

Chombo chake cha mwisho kilikuwa kioo cha kunyolea ndevu. Alikishika juu ya karo, upana wa kidole, akahesabu pole pole kwa Kihunde, lugha ya kwao. Kioo kikitoka na ukungu, alirudi kwenye kigoda. Siku moja nilimuuliza anaogopa nini, mbona mkono wake unaweza kuishika karo bila kuungua.

"Mukono hauna maana," akasema. "Kichwa ya mashini inapita karibu ya karo, karibu kabisa. Karo ikiwa na moto, jasho yake inapanda. Kichwa iko na matundu kidogo-kidogo, hauwezi kuyaona na macho. Jasho ikiingia mule, wino inaganda, kichwa inakufa. Na kichwa iko moja."

"Na ikikufa?"

"Naenda kulima."

Kwao Karuba, alisema, saa moja ilitosha kwa sababu ya baridi, ila upepo wa mlimani ulipasua karo mbili katika kila kumi. Kwetu hakuna upepo, lakini saa tatu zilihitajika, na siku ya mvua hata nusu siku. Joto letu alilichukia bila kuficha. "Huku kwenu hata mawe inatoka jasho," alinung'unika. Nikamwambia kwao hata maharagwe huvaa makoti. Alicheka, na mdomo umejaa maharagwe ya moto, ikabidi nimpe maji.

Ungedhani waliofiwa ndio watu wenye subira kuliko wote. Ukweli ni kwamba wana haraka. Mwili uko nyumbani, au wageni wamefika kutoka mbali, au mvua inakuja, na kila mmoja anataka karo yake sasa hivi. Walisimama mlangoni wakisonya. Papa Fundi aliwajibu kwa sauti ileile moja: "Muko na haraka ya wapi? Mwenyewe hana tena haraka." Wengine walitukana. Askari walikuja na bunduki, pasta akaja na Biblia, jibu likawa lilelile. Mama mmoja, huku analia, alishikwa na kicheko mpaka akaketi chini, akangoja saa tatu zote bila kusema tena.

Kulikuwa na familia moja ya juu kidogo ya soko iliyopanga kumaliza kilio siku ya Jumamosi. Mbuzi ameshachinjwa, kasiksi, pombe ya ndizi, imeshaiva kwenye mitungi, wanawake wameshashona kitenge kimoja. Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Jumamosi asubuhi kioo bado kinatoka ukungu. Mkubwa wa familia alikuja mwenyewe, mtu mwenye sauti na tumbo, akamwambia kwamba kilio hakiwezi kumalizwa bila sura kaburini. Papa Fundi akasema basi kisimalizwe. Wakala mbuzi, wakanywa kasiksi, na Jumapili wakaendelea na kilio wakiwa na maumivu ya kichwa. Jumatatu karo ikatoka, nzuri sana, na yule mzee akaja kuishika kwa mikono miwili, hakusema neno la kosa. Mubi walilisimulia jambo hilo mwaka mzima.

Mwingine hakungoja. Alikuwa mchuuzi wa mafuta ya mawese, kijana mwenye wasiwasi. Papa Fundi alipotoka kidogo, yeye akainua kitenge cha mlango, akaimwagia karo ya baba yake kikombe cha maji. Ililia "ta!" nikasikia mimi jikoni. Ikagawanyika mara tatu. Nilitegemea matusi. Papa Fundi aliviokota vile vipande, akavifunga kwenye karatasi, akampa mkononi. "Peleka kwenu. Ambia mama yako: ni miye njo nilivunja Papa." Kijana alilia barabara nzima. Kesho yake Papa Fundi aliwasha makaa tena, akamfanyia nyingine, na hakulitaja tena jambo lile.

Alikuwa na ukali, na ukali wake haukuwa na mpango. Siku nyingine alikuwa na huruma hadi unashangaa. Wanaume wengi wa kwetu hufa bila kuwahi kuvaa suti. Wana picha moja tu, fulana imechanika begani. Papa Fundi alikuwa na suti moja ndani ya kompyuta yake, aliyoiita ordinatere, suti nyeusi, na tai ya bluu. Alimvalisha kila aliyeombewa. Nenda kwenye makaburi ya Mubi uone: mchimba madini, mwindaji, fundi baiskeli, mlinzi wa shule, wote suti ileile, tai ileile, wamekaa kama kamati. Lakini mtu akimwomba aupake uso weupe kidogo, au aondoe kovu, au aongeze tabasamu, alirudisha picha. "Suti nitamupa," alisema. "Sura hapana. Sura Mungu alishamaliza."

Mazishini hakwenda. Watu walilisema sana hilo. Mtu anayekula kwa vifo vya wenzake, walisema, hata kutupa udongo kidogo anashindwa? Mimi pia nililisema. Alikuwa amewatazama marehemu wetu kwa karibu kuliko ndugu zao, pua, kope, mikunjo ya shingo, halafu siku ya kuwashusha anabaki kigodani anachonga njiti ya kiberiti kwa kisu. Sikumwelewa hadi nilipojua habari ya mke wake.

Mke alibaki Karuba. Vita vilipokaribia mara ile, alimwambia mumewe wangoje wavune maharagwe, wiki mbili tu, ndipo waondoke pamoja. Papa Fundi akapanda lori na mashine, akamwambia mkewe amfuate baada ya mavuno. Alinieleza hayo kwa maneno machache, akitazama upande. Mwanzoni walipigiana simu. Alipanda kijilima nyuma ya shule kutafuta mtandao, na sisi chini tulimsikia akipiga kelele: "Sema mbio! Sema mbio, itakatika!" Kisha simu ya mke ikawa haiitiki. Mwaka ukapita, na wa pili. Katekista alimshauri amfanyie mkewe karo, hata ya kuweka ukutani, apate mahali pa kuombea. Papa Fundi alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Sifanyie karo muntu anaishi," akasema. Tukaacha, nami nikaelewa: angesimama kwenye kaburi la mwingine, angelazimika kulifikiria la mkewe.

Sasa nifike kwangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Janvier. Alichimba madini, kama nusu ya wanaume wa umri wake. Baada ya mvua za siku nne shimo lilijifunga na watu tisa ndani. Walichimbua siku mbili, ukuta wa pili ukaanguka, wakaacha. Mwanangu yuko huko hadi leo, chini ya mawe, na wengine wanane.

Kwetu mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa shina la mgomba. Hukatwa urefu wake, huviringishwa blanketi lake, hushushwa kaburini, wazee wanasema maneno yao, na mkristo anasali sala yake juu ya hayo. Nilimzika Janvier hivyo. Nilishika blanketi lenye harufu yake na ndani kuna mgomba unaotoa maji. Sikupata hata nafasi ya kumfumba macho. Kwa hiyo karo kwangu haikuwa pambo. Kaburini mwake hamkuwa na mtu. Nilitaka angalau uso wake uwe pale, mzima, ili nikienda kulia nijue namlilia nani.

Picha yake ya utu uzima ilikuwa moja tu, ndani ya simu ya rafiki yake, ambaye alikuwa anaondoka kurudi kwao. Papa Fundi aliitoa simuni akaiingiza kwenye kompyuta. Niliiona mara moja, kwa haraka, rafiki akiwa ameshapanda pikipiki. Sikuitazama vizuri. Nilijua nitaitazama kwenye karo maisha yangu yote.

Siku aliyoniwekea karo motoni, habari zilifika asubuhi kwamba wenye silaha wanakuja na jioni watakuwa Mubi. Kufika saa nne barabara ilijaa magodoro juu ya vichwa. Baba yake Janvier alikuwa ameshafunga mizigo. Karo ilitoka pipani saa tano. Papa Fundi akaisimamisha kati ya matofali, akashusha kitenge, akakaa.

Nilisimama mlangoni. Saa sita ikafika.

"Papa Fundi, tia sasa."

"Haiyapowa, Mama."

"Tia vile iko."

"Mama, ni kungoya tu."

"Kungoya nini? Watu wanakuya! Kesho tutakuwa pori. Mutoto yangu alikufa bila mutu kumushika mukono, nilizika mugomba, sasa nimuache hata bila sura? Weye unangoya karo. Miye nangoya nani?"

Hakunitazama. Alichukua kile kioo, akakishika juu ya karo, akahesabu. Kikatoka na ukungu mweupe. Nilikiona kwa macho yangu, sikuhitaji kuelezwa. Akakifuta kwenye shati lake, akakiweka mezani uso chini, akainuka.

Mtu aliyemwachia mzee tajiri mbuzi aliwe bila sura, aliyewakatalia askari, aliyemkatalia pasta, alinikubalia mimi. Ningeweza kusema: basi, Papa, tungoje. Maneno matatu. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anafanya nilichotaka.

Mashine ilianza. Zilitoka nywele, likatoka paji la uso, zikatoka nyusi, mmoja una kile kikovu alichokipata kwenye jiko langu akiwa mtoto. Yakatoka macho. Nikasema, "Ni yeye." Ikatoka pua nusu. Kisha mistari myeupe ikaanza kupita, mmoja, halafu mitatu, kisha matone ya bluu yakadondoka mahali pa shavu, na baada ya hapo kichwa cha mashine kikawa kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, bila kutia chochote. Chini ya pua karo ilikuwa nyeupe.

Alikisafisha kwa pombe. Akajaribu. Akakisafisha tena, akamwaga wino karibu wote alionao. Mwisho alizima jenereta, na tukasikia kelele za barabarani.

"Imekufa," akasema.

Hawakuja siku ile. Jioni magodoro yalianza kurudi. Hawakuja wiki ile wala iliyofuata. Walikuja baada ya mwezi mzima. Karo ingepoa saa tatu zake. Ingepoa siku tatu, ingepoa hata kumi, na mwanangu angekuwa na mdomo na kidevu na suti ya watu wote. Hili nimelibeba na sijapata pa kulitua. Padri aliniambia Mungu hahesabu mambo hayo. Mimi nayahesabu.

Ile nusu aliirudisha pipani ili wino ushike, akaingoja ipoe kwa saa zake kamili, akanikabidhi ikiwa imefungwa kitambaa. Tuliibandika hivyohivyo. Baadhi ya ndugu walisema afadhali msalaba mtupu. Mgomba ulipooza, udongo ukabonyea, karo ikainama mbele, na baba yake Janvier akaisimika kwa jiwe.

Papa Fundi hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Aliwaomba madereva wa malori wamtafutie kichwa kingine Goma. Mmoja alileta kisichoingia, kisha barabara ikafungwa na malori yakakoma. Watu waliendelea kufa, na ndugu zao waliendelea kuja na picha. Namkumbuka baba aliyekuja na picha ya mapacha wake, ameifunga ndani ya mfuko wa sukari isilowe.

"Mashini imekufa, Papa."

"Ilikufa na nini?"

"Uzee tu."

Nilikuwa hatua nne kutoka pale, nageuza ndizi. Nilisikia kila mara, "uzee tu," na sikuinuka hata mara moja kusema ni mimi. Siku hizo sahani yake ilianza kubaki mezani mpaka chakula kikaganda. Wengine walisema hatimaye amejifunza kungoja. Nadhani hakuwa na njaa tu.

Walipokuja kweli, kila mtu alikimbilia upande wake. Sisi tulikaa porini wiki nyingi, baba yake Janvier akashikwa na homa tukamzika njiani, bila picha wala karo. Nilitembea kwa vipande vipande, siku huku, mwezi kule, hadi nikafika Bweremana, kando ya ziwa, kwa binti yangu aliyeolewa na mvuvi. Ziwa ni zuri. Silipendi. Naamka asubuhi nakwenda kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kuuza, narudi, jua linatua, nimemaliza.

Mwaka huu, asubuhi moja, nilikuwa napanda kutoka ufukweni, nikamwona mzee ameketi kando ya barabara juu ya kokoto, anaponda mawe ya kuuzia wajenzi. Alikuwa anaponda mbio mbio, jiwe halijavunjika ameshashika lingine. Nilimjua kwa hilo kabla sijauona uso.

"Papa Fundi."

Akanitazama kwa muda. Jicho moja lilikuwa limeingia vumbi, jekundu. "Mama wa maharaki," akasema, na tukacheka wote wawili, kisha tukaacha kucheka.

Nikamuuliza habari za mama wa Karuba, mke wake. Akasema hajui bado. Nikampa pole. Akaniuliza habari za mume wangu, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Nilikaa chini kwenye kokoto zake, kapu la sambaza magotini, na nikauliza nilichokuwa natamani kumuuliza tangu nilipotoka Mubi.

"Papa, ile ordinatere yako iko wapi?"

"Waliichukua ku bariere, pale wanafunga barabara. Na begi yote."

"Na mafoto?"

"Yote, Mama."

Niliweka kapu chini. Watoto wa shule walipita. Yule rafiki wa Janvier nilishasikia kwamba naye hayupo tena duniani.

"Nimesahau mudomo yake," nikamwambia. "Macho niko nayaona, juu ya ile karo niliangalia sana. Paji la uso naliona. Lakini huku chini hamuna kitu. Nikitafuta mudomo, inakuya ya baba yake, ao ya dada yake. Yake haikuye. Miye mama yake, Papa. Weye uliangalia ile foto mingi, uliikata, uliipima. Mudomo yake ilikuwa je?"

Aliweka nyundo chini. Sijawahi kumwona akikaa kimya hivyo bila karo mbele yake. Aliyafumba macho, akayafumbua, akatazama ziwani. Niliona anatafuta kwa bidii, kwa uaminifu, jinsi mtu anavyotafuta kitu cha mwenzake alichokipoteza yeye.

"Alikuwa anacheka, Mama," akasema mwishowe. "Anacheka vizuri, meno yote inje."

Janvier alivunjika jino la mbele shimoni miezi sita kabla ya kufa. Tangu siku ile hakuna aliyempiga picha akicheka. Alifunga mdomo, nami nilimtania kwa hilo, nikamwita mheshimiwa. Hata mara ile moja nilipoiona ile picha kwa haraka, mdomo ulikuwa umefungwa. Hilo ninalo. Umbo la midomo yenyewe ndilo lililonitoka, na sasa nilijua kwamba limemtoka yeye pia, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani wa kumuuliza.

Alikuwa ananitazama, anangoja.

"Ndiyo, njo vile, Papa," nikamwambia. "Alikuwa anacheka."

Uso wake ukafunguka kidogo. Akaokota nyundo, akavuta jiwe lingine, akaendelea kuponda.